Marejesho ya kila siku, mavuno ya msimu

Kinole iko mashariki mwa Milima ya Uluguru, upande unaopokea mvua ya Bahari ya Hindi kabla mawingu hayajavuka kwenda Morogoro mjini. Mvua hiyo ndiyo inayostawisha karafuu, mdalasini, pilipili manga, mananasi na migomba ya miteremkoni. Hapa pia ndipo yalipo makao ya Chifu Kingalu, ambaye soko kuu la Morogoro limepewa jina lake. Mama aliyeteremka na mkungu wa ndizi kichwani mpaka gulioni anahitaji kujua jambo moja kabla dalali hajataja bei: leo mjini wananunuaje? Jibu hilo huja kwa simu. Kwa hiyo habari za simu mpya, kwa watu wa Kinole, ni habari za kilimo.

Na safari hii habari zenyewe ni nzito. Oktoba 2025, mjini Kigali, kampuni sita kubwa za mawasiliano barani Afrika, yaani Airtel, Axian, Ethio Telecom, MTN, Orange na Vodacom, zilitangaza pamoja na umoja wa kampuni za simu duniani, GSMA, sifa za chini ambazo simu janja ya 4G ya bei nafuu inapaswa kuwa nazo: uwezo wa kumbukumbu, kamera, kioo na betri. Shabaha ni simu ya dola 30 hadi 40 za Marekani. Tatu kati ya sita hizo tunazo hapa nchini: Airtel, Vodacom, na Axian inayoimiliki Yas, ambayo mpaka Novemba 2024 tuliiita Tigo.

Hesabu ya ushirika wa namna hii inaeleweka. Kampuni ya mtandao humhakikishia mtengenezaji kwamba simu nyingi zitanunuliwa, kiwanda kikashusha bei, na mtandao ukarudisha fedha yake kupitia mabando na miamala. Kila upande una faida yake. Swali langu ni masharti gani yanamfikia mnunuzi wa mwisho, yule wa mlimani.

Tumeshaona mfano. Miaka michache iliyopita Vodacom ilileta Smart Kitochi, na mwaka 2020 Tigo ikaja na kitochi chake cha 4G. Zote zilitumia mfumo wa KaiOS, uliozaliwa kutokana na Firefox OS ya Mozilla. Zilikuwa na vitufe na betri ya kudumu, na bado zilifungua WhatsApp. Kwa kijiji, hiyo ilikuwa hatua kubwa. Kisha, Juni 2024, WhatsApp ikaacha kupatikana kwa watumiaji wapya wa KaiOS, na mapema mwaka 2025 huduma ikakoma kabisa. Simu ilikuwa nzima mkononi, lakini lile lililomfanya mtu ainunue likawa limeondoka. Uamuzi ulifanyika mbali, na mwenye simu hakuwa na mkataba wowote unaotaja miaka ambayo huduma ingedumu.

Kenya wamekwenda mbele zaidi. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo: mteja wakati huo alitoa kianzio cha shilingi 1,000 za Kenya, kisha akalipa shilingi 20 kila siku. Asipolipa, simu inajifunga. Oktoba 2023 kikafunguliwa kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River, ushirika wa Safaricom, Jamii Telecommunications na kampuni ya Kichina, na simu yake ya bei ya chini ilianzia shilingi 7,499. Huo ni ushahidi kwamba ushirika ukisimamiwa vizuri huleta simu na huleta ajira.

Lakini marejesho ya kila siku yamepangwa kwa mtu anayeshika fedha kila siku: dereva wa bodaboda, mama ntilie, muuza duka. Mkulima wa karafuu hashiki fedha kila siku. Karafuu ina msimu wake, na mwaka mmoja mti huzaa sana, mwaka unaofuata ukazaa kidogo. Ndizi humpa fedha ya hapa na pale, ila mvua kubwa ikiharibu barabara, nayo hukwama. Simu ikijifunga wakati huo, inamfungia pia dalali, mnunuzi na wakala wa fedha, yaani njia zile zile ambazo zingempatia rejesho. Kama vyama vya ushirika viliweza kwa miaka mingi kukopesha pembejeo na kukata deni wakati wa mauzo, kampuni ya simu inayoona miamala ya mteja wake mwaka mzima haishindwi kupanga marejesho yanayofuata mavuno. Bila hivyo, mkopo wa simu utaingia kundi moja na ile mikopo ya riba kubwa tunayoiita kausha damu.

Jambo la pili ni laini. Mlimani, mtandao unaoshika gulioni unaweza kupotea ukivuka kilima kimoja, kwa sababu mawimbi ya simu huzuiwa na miinuko. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na kazi hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, mtu wa Uluguru ataendelea kuhitaji laini mbili za mitandao tofauti. Simu iliyofungwa kwenye mtandao mmoja, hata ikiwa rahisi, haimtoshi.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mwaka wa fedha 2021/22 simu janja zilisamehewa VAT, ambayo ni asilimia 18. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa. Mwaka mmoja ni muda mfupi mno kwa bei kushuka kutoka bandarini mpaka duka la kijijini. Afrika Kusini, kuanzia Aprili 2025, imeondoa ushuru wa bidhaa za anasa kwa simu za chini ya randi 2,500, na za bei ya juu zikabaki kulipa. Nasi tunaweza kuchora mstari kama huo ili nafuu iwafikie wanaoihitaji.

Tukumbuke pia kwamba kwa mila ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Mwanamke mwenye shamba anastahili simu iliyosajiliwa kwa jina lake na mkopo unaohesabiwa kwa miamala yake mwenyewe.

Airtel, Vodacom na Yas zitakapoleta simu hiyo ya dola 30 hadi 40, naziomba ziandike mambo manne kwenye mkataba, kwa Kiswahili: marejesho yanayofuata msimu, laini mbili zilizo huru, miaka ambayo programu zitahudumiwa, na spea za betri na kioo zinazopatikana Morogoro. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iyafanye hayo kuwa sharti la kuuza. Mkulima wa Kinole analipa deni lake akipewa muda unaolingana na shamba lake.