Mstahiki Meya, Nani Anajibu kwa Basi la Kimara?

Tarehe 24 Februari 2021, siku ileile Rais John Magufuli alipofungua kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi Luis, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Hoja yake ilieleweka: halmashauri ile haikuwa na eneo lake yenyewe, madiwani wake walitoka kwenye manispaa, na posho zao zilikuwa mzigo. Ila tangu siku hiyo mkoa wenye watu 5,383,728, kwa sensa ya 2022, hauna meya hata mmoja anayeutazama wote. Anayeitwa leo Meya wa Jiji la Dar es Salaam, mamlaka yake yanaishia kwenye mipaka ya Ilala. Kinondoni ina wake, na vivyo hivyo Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Mabasi ya mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, hayajui mipaka hiyo. Basi linapoondoka Kimara liko Ubungo, likifika Magomeni liko Kinondoni, likivuka Jangwani kuelekea Kivukoni limeshaingia Ilala. Limepita kwa mameya watatu, na hakuna hata mmoja mwenye uwezo wa kuliongezea safari. Wakala wa mabasi hayo, DART, uko chini ya TAMISEMI. Leseni na nauli za daladala ziko LATRA. Barabara kuu ni za TANROADS, za mitaa ni za TARURA tangu 2017, na maji ni ya DAWASA. Abiria aliyesimama kituoni alfajiri anamlalamikia diwani, diwani anapeleka hoja barazani, baraza linaandika barua. Barua hiyo inakwenda kwa taasisi isiyowajibika kwa baraza.

Oktoba 2025 hasira za abiria wa Kimara zililipuka, mabasi yakapigwa mawe. Siku chache hazikupita, wakuu wa DART na wa UDART, kampuni inayoendesha mabasi hayo, wakaondolewa. Aliyetengua uteuzi wao ni Rais. Sina ugomvi na hatua hiyo. Watu walikuwa wameteseka vya kutosha. Ninachouliza ni kwa nini shida ya usafiri wa asubuhi ipande ngazi zote hadi Ikulu ndipo ipate wa kuijibu. Rais ana nchi nzima ya kuangalia, kuanzia Kagera hadi Mtwara.

Haikuwa hivi siku zote. UDA, shirika la mabasi lililoundwa 1974, lilifika mahali Jiji likawa na asilimia 51 ya hisa zake na Serikali Kuu asilimia 49. Nisiipambe historia hiyo. UDA ilizidiwa na abiria, na ndiyo maana daladala ziliruhusiwa rasmi 1983. Mwaka 1996 Serikali iliivunja halmashauri ya jiji kwa sababu ya huduma mbovu, ikaweka Tume ya Jiji iliyokaa hadi 2000. Huduma ikiharibika, tumezoea kuvunja chombo badala ya kukipa meno na kukibana.

Uingereza wamejaribu njia nyingine. Nje ya London, mabasi yaliachwa mikononi mwa kampuni binafsi tangu 1986, kila moja ikijichagulia njia na nauli. Sheria ya 2017 iliwapa mameya wa mikoa uwezo wa kuyarudisha chini ya usimamizi wa umma. Andy Burnham, aliyechaguliwa na wananchi moja kwa moja kuwa meya wa Greater Manchester yenye halmashauri kumi, aliamua kufanya hivyo Machi 2021. Kampuni mbili zikamfikisha mahakamani, zikashindwa. Kuanzia Septemba 2023 hadi Januari 2025 mabasi ya eneo zima yaliingia, kwa awamu tatu, kwenye mfumo mmoja wa rangi ya njano. Basi likichelewa kule, jina la anayepaswa kujibu linajulikana, na siku ya kura nayo inajulikana.

Meya wa kwetu huchaguliwa na madiwani wenzake. Mkurugenzi anayeshika kalamu ya fedha huteuliwa na Rais. Kodi ya majengo, iliyokuwa nguzo ya mapato ya manispaa, hukusanywa na Serikali Kuu, na tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, mtu anaponunua umeme. Kumbebesha meya huyu lawama za mwendokasi ni kumwonea.

Lakini asijifiche humo. Taka zinazolundikana sokoni ni zake. Zahanati isiyo na dawa inamhusu. Mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hupitia halmashauri yake, na mwananchi ana haki ya kujua imerejeshwa kiasi gani. Meya anayetaka madaraka makubwa zaidi aanze kwa kubandika hesabu hizo kwenye ubao wa kila kata.

Kuhusu mabasi, si lazima tusubiri katiba mpya. TAMISEMI ndiyo inayosimamia halmashauri na ndiyo inayosimamia DART. Waziri mmoja anaweza kuagiza mtendaji mkuu wa DART afike kila robo mwaka mbele ya mameya watano wakiwa pamoja, waandishi wakiwemo, aeleze mabasi mangapi yako barabarani, mangapi yako gereji na yatatoka lini, kisha majibu yake yawekwe kwenye kumbukumbu za kikao ili robo inayofuata aulizwe tena.