Unanunua Hewa, Siyo Kitambaa: Kuvaa Vizuri kwa Bei ya Mtumba Kwenye Baridi ya Ughaibuni

Kila ifikapo Julai na Agosti tunaanza kupata ujumbe wa aina moja: "Kaka, nimepata udhamini, naondoka Septemba. Ninunue koti gani?" Swali linaonekana dogo, lakini anayeuliza ana wasiwasi wa kweli. Akiba imeishia kwenye viza na maandalizi, posho ya kwanza inaweza kuchelewa, na kule aendako majani yanaanza kupukutika na baridi inaingia. Akikosea koti, hana hela ya kununua lingine. Basi leo tuliongelee suala hili vizuri, maana jibu lake lipo kwenye fizikia ya sekondari kuliko kwenye bei za madukani.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kabla sijaondoka Dar nilinunua jaketi moja nene, jipya, la bei mbaya, kwenye duka lenye kiyoyozi. Muuzaji aliniambia hilo ni la Ulaya kabisa. Lilikuwa pamba nje, pamba ndani, zito kama gunia. Wiki ya pili ya Oktoba, nikiwa Edinburgh, rasharasha ilinikuta kituoni nasubiri basi. Jaketi likanywa maji, likazidi kuwa zito, nikatetemeka mpaka meno yakagongana. Pembeni yangu alisimama dada mmoja wa Moshi tuliyekuwa tunasoma naye. Alivaa fulana ya kubana, sweta jembamba la sufu na jaketi jepesi la mvua, vyote vya mtumba kutoka Soko la Memorial. Hakuwa anatetemeka. Na bei ya vitu vyake vyote vitatu haikufika hata nusu ya bei ya jaketi langu.

Kwa nini yeye alikuwa na joto na mimi sina?

Nguo haina joto

Tuelewane hapa kwanza. Chukua koti zuri kuliko yote, litundike ukutani usiku kucha. Asubuhi utalikuta na baridi ileile ya chumba. Jiko ni mwili wako, ulio kwenye nyuzijoto 37 hivi. Kazi ya nguo ni kuchelewesha joto hilo lisikimbie.

Na joto hukimbia kwa njia nne: kwa kugusana na kitu cha baridi, kwa kubebwa na hewa inayopita, kwa mnururisho (kama lile joto la jiko la mkaa unalolisikia usoni ukiwa mbali nalo), na kwa maji yanayokauka kwenye ngozi. Hiyo ya nne unaijua tangu utotoni. Mtungi wa udongo hupooza maji kwa sababu maji yanayochujuka kwenye ukuta wake hukauka na kuondoka na joto. Ukilowa jasho au mvua, mtungi unakuwa wewe.

Sasa umeshawahi kumtazama kuku asubuhi ya baridi? Anajitunisha mpaka anaonekana mnene maradufu. Hajanenepa. Amesimamisha manyoya ili hewa ikwame katikati yake. Hata sisi malaika wa mwili husimama tukisikia baridi. Ni mbinu hiyohiyo, ila manyoya yenyewe tulishayapoteza siku nyingi.

Siri yote ipo kwenye hiyo hewa iliyokwama. Hewa iliyotulia hupitisha joto kidogo mno. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi. Kwa hiyo sweta linakupa joto kwa sababu ya vijishimo vya hewa vilivyo kati ya nyuzi zake, siyo kwa sababu ya nyuzi zenyewe. Vijishimo vikijaa maji, mchezo umekwisha. Upepo ukipita ndani yake na kuifukuza hewa hiyo, mchezo umekwisha pia. Jaketi langu lilikuwa nene, kweli, lakini mvua iliponyesha nilikuwa nimejifunga maji mwilini.

Kumbe kuna kipimo

Mwaka 1941 watafiti watatu, Gagge, Burton na Bazett, walipendekeza kipimo cha joto la nguo kinachoitwa clo. Clo 1 ni nguo zinazomtosha mtu aliyekaa ametulia kwenye chumba cha nyuzijoto 21, asisikie joto wala baridi. Kwa kukadiria, ni suti kamili ya ofisini.

Wahandisi wa majengo wana majedwali yanayoonyesha kila nguo ina clo ngapi. Angalia baadhi: fulana 0.09, shati la mikono mirefu 0.25, suruali ya kawaida 0.25, sweta jembamba 0.20, sweta nene 0.35, jaketi 0.35, koti refu 0.60.

Soma tena hizo za masweta. Mawili membamba yanakupa 0.40, sweta moja nene linakupa 0.35. Yaani membamba mawili yamelishinda nene moja, kwa sababu katikati yake kuna tabaka jingine la hewa ambalo hukulilipia hata senti.

Tujumlishe basi: fulana, shati, sweta jembamba, jaketi na suruali. Unapata 1.14, na bado hujahesabu soksi, viatu na mzula kichwani. Edinburgh mwezi Oktoba kwa kawaida hucheza kati ya nyuzi 6 na 13. Ukiwa unatembea, hata kwa mwendo wa taratibu, mwili huzalisha joto takriban mara mbili ya ukiwa umekaa, hivyo mkusanyiko huo unakutosha siku nyingi. Ukisimama kituoni muda mrefu, badilisha jaketi uvae koti refu, na utafika karibu 1.4.

Faida nyingine utaiona ukiingia darasani. Majengo ya kule hupashwa joto. Mwenye sweta moja nene juu ya fulana ana mambo mawili tu: achemke au abaki na fulana. Akichemka anatoka jasho, na akitoka nje jasho lile ndiyo baridi yake. Wewe mwenye tabaka unavua moja, unaendelea na somo.

Hili siyo jambo jipya. George Mallory, aliyepotea Everest mwaka 1924 na mwili wake ukapatikana 1999, alikuwa amevaa tabaka nyembamba za hariri, pamba na sufu, juu yake gabadini ya kuzuia upepo. Mwaka 2006 nakala ya nguo hizo ilijaribiwa kwenye mlima huohuo, ikaonekana ni nyepesi na inafanya kazi vizuri kuliko watu walivyodhani.

Ukifika kwenye rundo

Haya, umefika Karume, Gikomba au Memorial. Muuzaji amefungua belo, watu wanachambua. Utajuaje kipi ni kipi?

Anza na lebo ya ndani. Nguo hizi zimetoka nchi nyingi, na sufu ina majina mengi: wool, Wolle, laine, lana, ull. Ukiona mojawapo na asilimia kubwa, shika na usiachie. Ila kuna mtego. Kijerumani kina neno Baumwolle, ambalo ndani yake kuna Wolle, lakini maana yake ni pamba. Nimeshaona mtu analipia "sufu ya Kijerumani" ambayo ni pamba tupu.

Sufu inapendwa kwa sababu inaweza kunyonya unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujaisikia imelowa. Nyuzi zake zimejikunja, hivyo haziporomoki kirahisi na hewa hubaki. Kama inakuwasha, tatizo ni unene wa nyuzi: nyembamba hupinda zikigusa ngozi, nene huchoma. Ivae juu ya shati, kwisha habari.

Poliesta hainyonyi hata asilimia 1 ya uzito wake, kwa hiyo hukauka haraka. Yale majaketi laini yenye manyoyamanyoya ni poliesta, na yanashika hewa vizuri sana, ila upepo unapita. Yanahitaji kitu cha kuzuia upepo juu yake. Akriliki huonekana kama sufu na bei yake ni ndogo. Inafaa, ila haihimili unyevu kama sufu. Pamba ni nzuri ikiwa kavu. Kwenye mvua na baridi, usiitegemee peke yake.

Majaketi yaliyojazwa manyoya laini ya bata, libonyeze kiganjani kisha uachie. Likirudi juu upesi, hewa ipo. Likibaki limelala au lina mabongemabonge, limechoka. Na kumbuka, manyoya hayo yakilowa hulala chini kabisa.

Lebo imekatwa? Usikate tamaa. Nunua kwanza, kisha ukiwa nyumbani vuta uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, ushike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, uwashe kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na moto wake hujizima wenyewe, kwa sababu nywele na sufu ni protini ya aina moja. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Uzi mmoja tu, tafadhali, na maji yawe karibu.

Kabla hujalipa, inua nguo juani. Vitundu vidogovidogo ni kazi ya viwavi wa nondo, wanaokula sufu. Jaribu zipu mara tatu. Kisha ivae ukiwa na shati ulilopanga kuvaa ndani yake. Ikikubana, umeua tabaka la hewa. Ikiwa pana mno, kila ukitembea inafanya kazi kama mivukuto, inatoa hewa ya joto na kuingiza ya baridi. Hiyo mpelekee fundi cherehani kabla hujasafiri, maana ufundi huo kule ni ghali.

Na ukishaipata sufu yako, usiifue kwa maji ya moto. Kila unywele wa sufu una magamba kama vigae vya paa. Joto na kusuguliwa hufanya magamba yashikane, na sweta lako linarudi saizi ya mtoto wa chekechea. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, likaushe limelazwa.

Kipi ubebe, kipi uache

Begi lina kikomo cha kilo, kwa hiyo panga. Vyepesi vinunue nyumbani: masweta membamba, fulana za kubana, mzula, skafu. Koti zito la sufu ukilipata kwa bei nzuri, livae kwenye ndege. Ukilikosa, usihangaike. Uingereza kuna maduka ya hisani yanayouza nguo zilizotumika kila mtaa mkubwa. Oxfam walifungua la kwanza la kudumu Broad Street, Oxford, mwishoni mwa miaka ya 1940. Sehemu ya nguo zisizouzika kwenye maduka kama hayo huuzwa kwa wafanyabiashara, na ndizo zinazoishia kwenye mabelo yetu. Yaani pale dukani umefika chanzo cha mto. Wala usione haya kuingia. Maprofesa wanapishana humo.

Kitu kimoja nakusihi ununue kizuri hata kama siyo kwa bei ya kutupa: viatu visivyoingiza maji. Soksi ikilowa, hesabu zetu zote za clo haziwezi kukusaidia.

Na kupendeza je?

Wengi wakifika huko hujificha ndani ya jaketi moja jeusi, kwa sababu wanadhani baridi na mvuto haviendi pamoja. Tabaka zinakataa hilo. Chagua rangi mbili tulivu kwa nguo za nje, kwa mfano kijivu na bluu ya usiku, halafu rangi yako ya kweli iwe ya tatu. Shati lako la kitenge halijafukuzwa. Ni tabaka la 0.25 kama shati lingine lolote, na ukivua koti darasani ndilo litakaloonekana. Kanga iliyokunjwa mara nne na kuzungushwa shingoni, siku isiyo na mvua, inaziba pale kwenye kola ambapo hewa ya joto hutorokea. Nina mkongojo wa mwaka wa tatu huu: koti la mtumba la kijivu, na ndani yake bitana ya kitenge aliyonishonea fundi wa mtaani kwetu nilipokwenda likizo. Watu huniuliza nimelinunua wapi. Huwa nacheka tu.

Kwa hiyo ukikuta mtu anakuambia "hili ni la Ulaya kabisa," muulize maswali matatu: ni nyuzi gani, linafanyaje likilowa, na lina nafasi ya tabaka jingine ndani? Akishindwa kujibu, rudi kwenye rundo. Nyumbani vuli ni mvua, na mwavuli ulitosha. Huko uendako miezi hiyohiyo ina mvua, upepo na baridi kwa pamoja. Jipange mapema, na hela itakayobaki mtumie mama.