Mwanafunzi wa Pujini na milango ya msaada wa masomo ya chuo

PUJINI, PEMBA – Kijana wa Pujini, Wilaya ya Chake Chake, anayemaliza Kidato cha Sita na kupata nafasi ya chuo, hukabiliwa kwanza na suala la fedha. Zipo bodi mbili za umma zinazohusika. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 2011, huwahudumia Wazanzibari. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, huwahudumia wanafunzi wa Tanzania nzima. Mwombaji hawezi kunufaika na zote mbili kwa masomo yale yale, hivyo ni busara kusoma mwongozo wa kila bodi kabla ya kuchagua.

Mkopo haukomei kwenye ada. Kwa Bodi ya Muungano, vipengele vyake ni pamoja na chakula na malazi, vitabu na viandikio, mafunzo kwa vitendo, utafiti na mahitaji maalumu ya kitivo. Ada hupelekwa chuoni. Fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu, humfikia mwanafunzi.

Kikwazo kinachowaumiza waombaji wengi ni nyaraka, na hapa inafaa kusema wazi. Cheti cha kuzaliwa cha aliyezaliwa Zanzibar huthibitishwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Cha aliyezaliwa Tanzania Bara huthibitishwa na RITA. Mwombaji aliyefiwa na mzazi huhitaji pia cheti cha kifo kilichothibitishwa, na mwenye ulemavu huhitaji uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Fomu hupitia kwa mdhamini, kwa Sheha na kwa kamishna wa viapo au hakimu. Tatizo hujitokeza pale skuli ilipomwandikisha mtoto kwa jina la babu, ilhali cheti cha kuzaliwa kina jina la ukoo. Tofauti ya aina hiyo haiondoki kwa siku mbili. Mzazi mwenye mtoto Kidato cha Tatu anaweza kuzitoa nyaraka sandukuni leo akazilinganisha, badala ya kungoja dirisha la maombi lifunguliwe.

Anayekosa mkopo, au anayepangiwa kiasi kisichomtosha, hupewa nafasi nyingine dirisha la rufaa linapofunguliwa. Ikumbukwe kuwa fedha hizi ni deni. Mhitimu hupewa miezi 24 baada ya kumaliza masomo kabla ya kuanza kurejesha, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa Julai 2021, jambo lililowapunguzia mzigo wadaiwa wa zamani.

Kuhusu mahali pa kusoma, si lazima kila mtu avuke bahari. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina Kampasi ya Benjamin Mkapa huko Mchangamdogo, Wilaya ya Wete. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Pemba. Mwanafunzi wake husoma akiwa nyumbani au kazini kwa kutumia mtandao na hufanya mitihani kituoni. Utaratibu huo unamfaa sana mama mwenye watoto wadogo au mwalimu aliyekwisha kuajiriwa.

Vitabu vinapatikana pia karibu. Maktaba ya Chake Chake, iliyo chini ya Shirika la Huduma za Maktaba Zanzibar, iko mwendo wa takriban kilomita kumi kutoka Pujini na humpa mwanafunzi aliye likizoni mahali tulivu pa kusomea. Kwa anayesoma historia au akiolojia, Pujini yenyewe ni maktaba. Magofu ya Mkama Ndume, ngome ya karne ya 15 yenye kuta na mahandaki, yamechimbwa na watafiti, akiwemo Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia, na maandishi yao husomwa katika vyuo vya mbali. Inasikitisha kidogo kuona wageni wakiyatafiti mara nyingi kuliko vijana waliozaliwa jirani nayo.

Akishafika chuoni, mwanafunzi hupangiwa mshauri wa masomo, naye ndiye wa kuendewa mapema somo linapomshinda, kabla ya matokeo kutoka. Aliyeshindwa mtihani hupewa mtihani wa marudio kwa mujibu wa kanuni za chuo chake. Ofisi ya mlezi wa wanafunzi hushughulikia malazi, maradhi na shida za kifamilia.

Huduma isiyojulikana sana ni kuahirisha masomo. Mwanafunzi anayeugua, kujifungua au kufiwa na anayemlea anaweza kuomba kwa maandishi, akiambatanisha uthibitisho, na akikubaliwa nafasi yake huhifadhiwa. Anayerudi kijijini kimyakimya huhesabiwa kuwa ameacha chuo. Aliyeahirisha anatakiwa vilevile kuiarifu bodi ya mikopo kupitia chuo chake, ili malipo yasimamishwe na yaanze tena atakaporejea darasani.