Kuumba na Kuumbua: Sanaa za Uumbaji na Upotevu wa Maumbile

1. Utangulizi

Katika idara zetu za lugha visasili vya uumbaji hufundishwa kama maneno matupu. Mwanafunzi huelezwa ni nani aliyeumba, aliumba nini kwanza, na kisasili hicho kina dhima gani katika jamii. Ni mara chache aulizwe jambo la nne: kisasili hicho chaonekana wapi kwa macho, na umbo lake limefanywa kwa kitu gani? Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba swali hilo si la walimu wa sanaa za ufundi peke yao. Tutajaribu kueleza kwamba sanaa nyingi zinazosimulia uumbaji zimefungamana na udongo au mti maalumu. Kwamba udongo au mti huo unapoadimika, masimulizi nayo hubadilika. Na kwamba Kiswahili chenyewe kimeyakusanya mambo haya yote katika mzizi mmoja.

Mfano wetu wa kwanza watoka Khayega na viunga vyake, kusini mwa mji wa Kakamega. Mahali hapo wafinyanzi, mwamba wenye visa na msitu unaopungua vinapatikana katika eneo dogo, na kwa hiyo uhusiano wake ni rahisi kuuona. Kutoka hapo tutaendelea hadi kwa wachongaji Wamakonde, kisha tutagusa kwa ufupi mfano mmoja wa ng'ambo.

2. Ushahidi wa lugha

Kitenzi *umba* hutumiwa leo hasa kwa kazi ya Mungu. Hata hivyo maana yake ya kale ni ya mikono: kulipa tonge la udongo sura. Wanaisimu historia wameuweka mzizi *-bumb-* katika Mame-Bantu kwa maana ya kufinyanga, na lugha nyingi za Kibantu zimehifadhi maana hiyo. Katika kisasili cha Wakikuyu, mama wa taifa anaitwa Mumbi, jina litokalo katika mzizi huo huo. Yeye ni mfinyanzi na muumbaji kwa neno moja. Katika lahaja kadhaa za Kiluyia kitenzi kinachotumika ni kingine, *-longa*, lakini mpango wa maana ni ule ule: hicho ndicho kitenzi cha Mungu aumbaye ulimwengu na cha mwanamke afinyangaye chungu.

Wazo la Mungu mfinyanzi si la Wabantu peke yao. Katika hekalu la Luxor, Misri, michoro ya ukutani ya karne ya 14 kabla ya Kristo yamwonyesha mungu Khnum akimfinyanga mfalme Amenhotep III juu ya gurudumu la mfinyanzi. Lakini Kiswahili kimekwenda mbali zaidi ya kufananisha. Kutokana na *umba* tumepata *umbo*, yaani sura ya kitu, neno ambalo wahakiki wa fasihi wanalitumia kila siku. Tumepata *kiumbe*. Tumepata *maumbile*, neno linalotaja ulimwengu wa asili kwa kuueleza kuwa ni kitu kilichoumbwa. Tena, kwa kiambishi kile kile cha kutendua kinachogeuza *funga* kuwa *fungua* na *ziba* kuwa *zibua*, tumepata *umbua*: kuharibu umbo la kitu, na kwa hiyo kukitia aibu.

Basi uumbaji, umbo, maumbile na uharibifu wake vimekaa katika shina moja. Hatudai kwamba kila msemaji anayatambua hayo asemapo. Tunadai tu kwamba lugha imehifadhi uhusiano ambao mitaala yetu imeukata vipande vitatu: visasili wamepewa watu wa fasihi simulizi, umbo wamepewa wahakiki, na maumbile wameachiwa wanasayansi.

3. Khayega: udongo, mwamba na msitu

Karibu na Khayega ni Ilesi, mahali panapojulikana kwa ufinyanzi, kazi iliyoshikwa hasa na wanawake. Mtu anayekitazama chungu sokoni huona umbo tu. Mfinyanzi huona mambo matatu: udongo, maji na moto. Udongo haugeuki chungu pasipo moto, na katika ufinyanzi wa asili moto huo ni wa kuni na nyasi. Kwa hiyo mfano wa kale wa Muumba na udongo wake una sharti ambalo visasili havikuona haja ya kulitaja, kwa kuwa miti ilikuwako: anayeumba kwa udongo hutegemea pia msitu.

Ilesi papo hapo pana mwamba mkubwa, wenye urefu wa mita 40 hivi, ambao wenyeji wauita Ikhongo Murwi na wageni wauita jiwe linalolia. Jiwe moja limekaa juu ya mwamba kama kichwa juu ya mwili, na maji huteremka katika mfereji ulio katikati yake. Visa vinavyosimuliwa kuuhusu ni vingi. Kwa mada yetu yafaa tuangalie hali yake ya kisanaa. Hakuna mtu aliyeuchonga; umefanywa sanamu na macho na maneno ya wanaoutazama. Na katika sanamu hiyo kilio chote kimo katika maji. Yakikauka, kitakachobaki ni mwamba, pamoja na kisa kisichokuwa na ushahidi.

Upande wa mashariki, kwa njia ipitayo Shinyalu hadi Isecheno, ndipo ulipo Msitu wa Kakamega. Msitu huu huhesabiwa kuwa kipande cha mashariki cha misitu ya mvua ya Afrika ya Kati na Magharibi, kilichobaki peke yake katika Kenya. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1933, miaka michache tu baada ya dhahabu kuwavuta wachimbaji Kakamega. Eneo lake lilikuwa kilomita za mraba 240 hivi. Msitu wa asili uliobaki ndani ya mipaka hiyo ni mdogo zaidi, kwa sababu ya ukataji wa mbao, uchomaji wa makaa, malisho, na upandaji wa miti ya kigeni mahali pa ile ya asili. Sehemu ya kaskazini, Buyangu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985, na mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa kupanda ukanda wa chai kuzunguka misitu ya Kenya ili kuzuia watu wasiendelee kuingia.

Upotevu huu unahusianaje na kisasili? Mwanaanthropolojia Günter Wagner, katika kitabu chake cha mwaka 1949 na maandishi yaliyofuata, aliandika kisasili cha Wabukusu, ndugu wa Waisukha upande wa kaskazini. Wele aliumba mbingu kwanza, akaitegemeza kwa nguzo pande zote, kama paa la nyumba ya msonge linavyotegemezwa, ili isianguke. Jua na mwezi walipigana hata mwezi akatiwa matope, na ndiyo maana nuru yake ni hafifu. Radi ni jogoo mkubwa mwekundu akaaye mawinguni. Haya yote ni picha kabla ya kuwa hadithi. Aliyeyasikia chini ya paa la msonge alikuwa na mbingu ndogo juu ya kichwa chake, na nguzo zake alizijua kwa majina ya miti. Mwanafunzi aliyekulia chini ya bati huelewa maneno ya kisasili, ulinganisho hauoni. Sisi walimu humsaidia kwa tanbihi, na mara nyingi tanbihi husema “nguzo” tu.

4. Mpingo wa Wamakonde

Uhusiano wa kisasili na mali-ghafi umejitokeza wazi zaidi kwa Wamakonde wa Tanzania kusini na Msumbiji kaskazini. Kisasili chao, kama kilivyoandikwa mara nyingi, chasema kwamba kiumbe wa kwanza aliishi peke yake porini. Siku moja alichonga sanamu ya mti, akaiacha nje. Kulipokucha ilikuwa mwanamke hai. Watoto wawili wa kwanza walikufa katika mabonde. Wa tatu akaishi walipohamia juu nyandani. Hapa mchongaji hakuchora habari ya uumbaji. Kuchonga ndiko kuumba kwenyewe, na kila kinyago ni marudio ya tendo lile.

Tusikosee, hata hivyo. Kisasili hakitaji mpingo, kinataja mti. Vinyago vya mapiko vinavyovaliwa ngomani vilichongwa kwa mbao nyepesi, na vinyago vya mpingo tunavyovijua leo vilistawi katika karne ya 20, hasa kuanzia miaka ya 1950, kwa msukumo wa soko la Dar es Salaam na kwingineko. Yaweza kusemwa basi kwamba mpingo ukiisha, mti mwingine utashika nafasi yake, na kisasili kitakuwa salama.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini yasahau kazi ya mkono. Gogo la mpingo lina ganda la mti mweupe na kiini cheusi. Mchongaji huondoa weupe ili afikie weusi, kana kwamba kiumbe kimo ndani kikingoja kutolewa. Tena mpingo haunyooki. Mafundo na mapinda yake yamesaidia kuzaa maumbo ya mtindo wa shetani, ambamo jicho, mguu na tumbo hufuata njia ya mti. Umbo limetokana na maumbile. Mti mwingine ukipakwa rangi ya viatu ili ufanane na mpingo, kama ifanywavyo na wauzaji kadhaa, mnunuzi hupata weusi wa nje tu, na rangi ikichujuka kitu huumbuka.

Mpingo hukua polepole mno. Hupita miaka 70 au zaidi kabla haujafaa kuvunwa, na viwanda vya zumari za Ulaya navyo vinautaka. Kuna vijiji vya Kilwa vilivyopata, mwaka 2009, hati ya kimataifa ya uvunaji wa busara. Huko utunzaji wa msitu na utunzaji wa sanaa ni kazi moja.

Si kila sanaa imefungwa hivyo. Wachongaji Wakamba walipoona muhugu umeadimika, wengi wao waligeukia mwarobaini na mwembe, na twiga wao hakupungukiwa. Edward Saidi Tingatinga (1932–1972) alichora wanyama kwa rangi za mafuta juu ya mbao za kiwandani. Picha za namna hiyo hazihitaji msitu ili ziwepo. Hapo ipo hatari nyingine: wanyama huweza kuongezeka ukutani huku wakipungua porini, na picha ikawa pazia la upotevu.

5. Picha kama hoja

Mwaka 1963 Wayolngu wa Yirrkala, kaskazini mwa Australia, walipinga kutwaliwa kwa ardhi yao kwa ajili ya machimbo ya boksiti. Waliipelekea bunge la Canberra maombi yaliyoandikwa kwa lugha yao na kwa Kiingereza, yakiwa yamebandikwa juu ya magome ya miti na kuzungukwa na michoro ya koo zao, ile iletayo habari za wahenga walioiumba nchi. Machimbo hayakuzuiwa. Lakini magome yale yalifungua njia iliyofikia sheria ya haki za ardhi ya mwaka 1976. Kwa wanalugha funzo ni hili: maneno yalieleza dai, michoro ilionyesha asili yake, na gome lilitoka katika ardhi ile ile iliyokuwa ikidaiwa.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kisasili cha uumbaji kina mwili, na kwamba mwili huo huweza kufa wakati maneno yangali yanasomwa darasani. Hatuwezi kuurudisha msitu kwa makala. Lililo katika uwezo wa idara zetu ni kukusanya kisasili pamoja na kitu chake: kuandika majina ya aina za udongo kwa wafinyanzi wa Ilesi, majina ya miti kwa wajenzi wa misonge, na vitenzi vya kuchonga kwa wachongaji, kwa lugha zao kwanza na kisha kwa Kiswahili, kabla wajuzi hawajaondoka. Kamusi itakayoandika “aina ya mti” mahali pa jina itakuwa imelishiriki tendo la kuumbua. Wahenga walikwisha kutuusia: udongo uwahi ungali maji.