Wazee Wawili Kando ya Hakimu

Katika Mahakama ya Mwanzo, iwe Lushoto mjini au kwingineko katika milima ya Usambara, hakimu zamani hakuketi peke yake. Kando yake waliketi wazee wa baraza wasiopungua wawili, watu ambao hawakusomea sheria chuoni, na ambao elimu yao ilikuwa kuwajua watu na mila za mahali pale. Aghalabu tuliwatazama tukadhani wamewekwa kwa heshima tu, na kumbe Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliwapa kura, si katika hatia peke yake, bali hata katika dhamana, adhabu na kiasi cha fidia. Walipohitilafiana na hakimu, ilishinda rai ya walio wengi.

Tuseme mbuzi amekula maharagwe ya jirani katika shamba la mteremko. Hakimu atauliza ushahidi na thamani ya hasara. Mzee wa baraza, ambaye naye hulima mteremko kama ule, atauliza mbuzi alifungwa kamba au aliachwa, njia ya kwenda mtoni hupita wapi, na maharagwe yalikuwa bado na maua au yamekwisha komaa. Kwa maswali hayo hasara hupimwa kwa insafu.

Kukata mashauri barazani si jambo geni huku. Vuga, katika milima hii hii, ilikuwa makao na baraza la wafalme Wakilindi, na enzi ya mmoja wao, Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, heshima yake ilifika hata pwani. Washambaa, wenyeji wa milima hii, hunena kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Nami naona kwamba hukumu ya dhulma ni katika mambo yaiharibuyo nchi kuliko ukame.

Hata ng'ambo raia walishirikishwa katika mashauri: huko Uingereza, mwaka 1166, Mfalme Henry II aliamuru watu 12 wa kila mtaa waape na kuwataja watuhumiwa wa jinai. Ndipo lilipoanzia baraza kuu la raia, lichunguzalo kama mtu ana kesi ya kujibu kabla hajashtakiwa. Waingereza wenyewe waliliacha mwaka 1933, lakini Marekani bado wanalo, nalo katika mahakama za shirikisho huwa na watu 16 hadi 23. Lipo pia baraza la pili, la raia waamuao hatia, na katika Kenya ya kikoloni hilo lilikuwa haki ya Wazungu peke yao. Mwaka 1911 walowezi walioapishwa walimwachilia Galbraith Cole, mlowezi mwenzao aliyemwua Mwafrika aliyetuhumiwa wizi wa kondoo. Baraza la tabaka moja huwa ngome ya tabaka hilo.

Tanganyika ilishika njia ya wazee wa baraza. Katika Mahakama Kuu maoni yao hayakumfunga jaji. Lakini katika Mahakama za Mwanzo, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1963 mahali pa mahakama za wenyeji, kura yao ilikuja kuamua.

Basi, ewe msomaji, ukiitwa kuwa mzee wa baraza, usikatae kwa kisingizio cha shamba; nenda, usikilize pande zote mbili, usipokee zawadi ya mtu, wala usitie saini hukumu ambayo hukushauriwa. Saini ile ni amana ya jirani zako wote.