Simu ya Tajiri na Roho ya Dereva

Mtu wa Vihingo aendaye Mlandizi huikuta barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ipitwayo na malori usiku na mchana yakielekea Zambia na Kongo. Baada ya Smith kujitangazia utawala wa Rhodesia mwaka 1965, mafuta ya Zambia yalipitishwa njia hii katika mapipa, na dereva hakuwa na simu mfukoni. Leo anayo, na tajiri wake humpigia saa yo yote: “Umefika wapi?” Naye huipokea hali gari li mbioni, kwani aogopa kupoteza kazi.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba dereva atumiaye simu akiendesha yumo katika hatari ya ajali takriban mara nne kuliko asiyeitumia. Na isiyoshikwa mkononi haina nafuu kubwa. Basi lawama si ya dereva peke yake.

Yafaa matajiri wakubaliane na madereva wao: habari zitolewe lori lisimamapo, kama vile penye mizani ya Vigwaza, au utingo apokee simu. Mzigo ukichelewa utafika. Mtoto aliyegongwa barabarani harudi.