Mtungi wa gesi unaoua AC za magari kuukuu Bujumbura

BUJUMBURA. Joto la bonde la Imbo likishika, foleni ya magari yenye AC iliyokufa huishia Buyenzi, mtaa unaojulikana kwa Kiswahili chake na kwa gereji zake. Mengi ni Toyota zilizozeeka, na zile za mwanzo wa miaka ya 1990 zina tatizo la ziada. Zilitengenezwa zitumie gesi ya R12, ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 uliiwekea ukomo kwa sababu inakula tabaka la ozoni. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi Januari 2010 kuachana nayo. Mwenye gari hana budi kubadili mfumo utumie R134a.

Wapo wanaodhani kubadili ni kufungulia mtungi tu. AC inapuliza baridi siku za kwanza, mteja anaondoka anachekelea, kisha kompresa inaanza kulia na mwisho inakwama. Sababu ni mafuta. R12 ilikwenda na mafuta ya madini, na R134a haichanganyiki nayo. Yanabaki yamelala kwenye mabomba badala ya kurudi kulainisha kompresa. Ikisagika, vumbi la chuma huenea mfumo mzima. Hapo fundi humlaumu muuza gesi, na muuza gesi humlaumu aliyemletea kutoka ng'ambo ya mpaka.

Kazi ya haki ni ndefu kidogo. Mafuta ya zamani yanamwagwa na mengine yanayokubaliana na R134a yanawekwa, draya inabadilishwa na oringi kuukuu zinatolewa. Viungio vya kujazia vinabadilishwa pia, maana vya R12 ni vya kukaza kwa nati na vya R134a ni vya kubonyeza. Kisha pampu inanyonya hewa na unyevu kwa nusu saa au zaidi. Gesi mpya hujazwa pungufu, kati ya asilimia 80 na 90 ya uzito wa ile ya zamani. Fundi anayekadiria kwa kugusa bomba kama limepoa anabahatisha tu. Kazi hii inataka mizani.

Vifaa hivyo vinatoka nje ya Burundi. Vingi hupanda kutoka bandari ya Dar es Salaam na kuvuka Kabanga kuingia Kobero, au hupitia Kigoma na kuvukia Manyovu na Mugina. Mtungi wa kawaida, ule usiojazwa tena, hubeba kilo 13.6. Gari dogo hula gramu 500 hadi 700, kwa hiyo mtungi mmoja huhudumia magari kama 20. Ni hesabu tamu, na utamu huo ndio unaowavuta wachakachuaji.

Uchakachuaji wa kwanza ni wa gesi ya jikoni. Inapoza vizuri, ndiyo maana inadanganya, lakini sehemu inayopoza hewa ya gari iko nyuma ya dashibodi, ndani wanamokaa abiria. Ikivuja, cheche moja yatosha. Wa pili ni mbaya zaidi: kemikali iitwayo R40 ikiuzwa kwa jina la R134a. Inashambulia alumini, na kinachozaliwa humo huwaka chenyewe kikigusana na hewa. Mwaka 2011 gesi bandia ya namna hiyo ililipua makontena ya kugandisha bidhaa, na watu watatu walikufa Vietnam na Brazil. Kompresa na kondensa za magari nazo zimejaa alumini.

Rangi ya mtungi haithibitishi kitu. Rangi hununuliwa dukani. Geji husaidia zaidi. Mtungi wa R134a uliokaa kivulini saa kadhaa, ukiwa bado na gesi ya maji ndani, kwenye nyuzi 30 husoma karibu paundi 97, uwe umejaa au umefika nusu. Ukisoma 150 na kuendelea, huenda ni R22, gesi ya viyoyozi vya majumbani. Lakini wajanja huchanganya gesi mpaka namba ifanane, hivyo geji hukamata mwizi mvivu tu. Kwa huyo mwingine kuna kifaa cha kutambua gesi, na wanaonunua mitungi kwa makumi wangeweza kuchangiana kimoja.

Kuna pia suala la karatasi. R134a haili ozoni, ila inachangia kulipasha dunia joto, na Oktoba 2016 nchi zilikubaliana mjini Kigali kuipunguza. Kwa nchi nyingi zinazoendelea, zikiwemo za kanda hii, ratiba ilisimamisha ongezeko la matumizi mwaka 2024, na punguzo la kwanza la asilimia 10 ni la 2029. Nchi zilizoridhia makubaliano hayo zinatakiwa kuwa na leseni za kuingiza na kutoa gesi hizi. Mitungi miwili iliyofichwa chini ya magunia ya mchele, hata ikiwa na gesi halali kabisa, inaweza kuhesabiwa magendo. Ni nafuu kuuliza ofisi ya ozoni ya nchi unakopeleka kabla ya kupakia, kwa sababu gesi iliyokamatwa forodhani haimpozi mtu yeyote.